Dola Mbili za San Francisco

Weka mezani dola mbili za fedha za Marekani, zote mbili zilizopigwa chapa katika kiwanda cha San Francisco, moja mwaka 1881 na nyingine mwaka 1893. Uso ni uleule wa mwanamke aliyechorwa na Mwingereza George T. Morgan, nyuma ni tai yuleyule, uzito ni gramu 26.73 kwa kila moja, na herufi ndogo S iko palepale chini ya shada la majani. Ya kwanza, ikiwa safi kama siku ilipotoka kiwandani, imekuwa ikipatikana kwa dola mia mbili hivi. Ya pili, hata ikiwa imelika mpaka nywele za bibi huyo hazionekani, itakugharimu elfu mbili au tatu, na iliyo safi huuzwa kwa bei ya nyumba. Mwezi Agosti 2021 iliyo bora kuliko zote za mwaka ule wa 1893 ilinunuliwa kwa dola 2,086,875.

Jawabu la haraka ni idadi. Mwaka 1881 San Francisco ilitengeneza dola 12,760,000. Mwaka 1893, bei ya fedha ilipoporomoka na uchumi wa Marekani ukayumba, ilitengeneza 100,000 tu. Jawabu hilo ni la kweli, lakini mnunuzi anayelitegemea peke yake ataliwa mapema.

Tazama jozi nyingine. Mwaka 1885 kiwanda cha Carson City, mji mdogo wa Nevada ulio karibu na machimbo makubwa ya fedha, kilitengeneza dola 228,000. Mwaka mmoja kabla, San Francisco ilitengeneza 3,200,000. Kwa hesabu ya shuleni, ile ya Carson City ndiyo ghali. Sokoni sivyo. Ukitaka ya Carson City ambayo haijawahi kuingia mfukoni mwa mtu, tayarisha mamia ya dola, pengine karibu elfu moja. Ukitaka ya San Francisco ya 1884 katika hali hiyohiyo, tayarisha maelfu, na iliyo nzuri zaidi ni makumi ya maelfu. Lakini ikiwa umeridhika na iliyolika, hiyohiyo ya San Francisco utaipata kwa makumi ya dola tu.

Sababu ni mahali sarafu hizo zilipolala. Sheria ya Bland-Allison ya mwaka 1878 iliilazimu Hazina ya Marekani kununua fedha kila mwezi na kuigeuza kuwa dola, watu wazitake wasizitake. Wengi, hasa mashariki ya nchi, hawakuzitaka. Noti ilikuwa nyepesi. Dola zikatiwa magunia, elfu moja kila gunia, zikarundikwa vyumbani. Zile za San Francisco za 1884 zilitoka mapema zikatumika, zikasuguana mifukoni na madukani. Za Carson City ziliendelea kulala hadi miaka ya 1970, na serikali ilikuwa bado inazo karibu milioni tatu. Ikaziuza kwa wananchi kwa njia ya posta kati ya mwaka 1972 na 1980, na zile za miaka ya 1882, 1883 na 1884 zilianza kwa dola 30 kila moja. Zaidi ya nusu ya dola zote zilizotengenezwa Carson City mwaka 1885 zilikuwa humo. Zilitoka katika makasha meusi ya plastiki, na hadi leo sarafu iliyobaki ndani ya kasha lake lile huongezewa bei.

Kisa cha dola ya New Orleans ya mwaka 1903 nacho kikae akilini mwa kila anayeambiwa "hii ni adimu". Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kitabu cha bei kiliiandikia dola 1,500 ikiwa haijatumika, na wakati huo hizo zilikuwa pesa za gari. Mwezi Novemba 1962 Hazina ilifungua chumba kilichokuwa kimefungwa kwa miaka mingi huko Philadelphia, magunia ya dola za New Orleans yakatoka, na bei ikaanguka hadi makumi machache ya dola. Sarafu yenyewe haikubadilika hata chembe. Upande wa pili wa hesabu hiyo kuna Sheria ya Pittman ya mwaka 1918, iliyosababisha dola milioni 270 kuyeyushwa bila mtu kuandika zilikuwa za mwaka gani. Kwa hiyo idadi iliyotengenezwa inajulikana, iliyobaki inakisiwa tu, na bei inafuata makisio. Mfano wa ajabu kuliko yote ni dola ya 1895 ya Philadelphia: vitabu vya kiwanda vinataja 12,000 za matumizi ya kawaida, na hakuna aliyewahi kuonyesha hata moja. Zinazouzwa ni zile 880 zilizopigwa kwa ustadi maalumu kwa ajili ya wakusanyaji, na bei yake ni makumi ya maelfu.

Chini ya yote hayo kuna bei ambayo haiwezi kuvunjika, nayo ni ya madini. Dola ya Morgan ni fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10. Ndani yake mna fedha tupu aunsi 0.7734 kwa kipimo cha masonara. Zidisha kwa bei ya aunsi ya siku hiyo. Katika miaka ya karibuni aunsi imewahi kuuzwa chini ya dola 20 na imewahi kupita 50, kwa hiyo dola ileile iliyolika imewahi kuwa na fedha ya dola 15 na imewahi kuwa na fedha ya karibu 40. Anayekuuzia kwa kidogo juu ya hapo anakuuzia madini, na hakuna ubaya. Ubaya ni kulipa mara mbili ya hapo kwa sarafu ya mwaka wa kawaida kwa sababu tangazo la televisheni limeiita hazina ya Magharibi ya kale. Jambo jingine ambalo wengi hawalitazami: nusu dola mbili za zama hizo hazifikii dola moja. Sheria ya mwaka 1853 ilipunguza uzito wa sarafu ndogo, na nusu dola ya baada ya 1873 ina aunsi 0.3617. Robo na za senti kumi zinafuata kiwango hichohicho. Anayenunua kwa ajili ya fedha tupu apime kwa aunsi, asihesabu vipande.

Kupanda juu ya bei ya madini ni kulipia macho ya mtu. Kipimo kinachotumika leo huanzia 1 na kuishia 70. Kilitungwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za shaba, kikatawala sarafu zote. Chini ya 60 ni sarafu iliyotumika. Kuanzia 60 ni ambayo haijatumika, nayo huandikwa herufi MS kabla ya namba. Dola ya Morgan huanza kulika kwenye nywele zilizo juu ya sikio na kifuani mwa tai; hapo ndipo pa kutazama kwanza, ukiinamisha sarafu chini ya taa moja ili mng'aro uzunguke. Mng'aro ukikatika pale juu ya sikio, sarafu imetumika, hata muuzaji aapeje.

Hatua moja au mbili za namba huwa na thamani ya mshahara wa miaka. Dola ya New Orleans ya 1886, ambayo zilitengenezwa zaidi ya milioni kumi, ikiwa imelika haizidi sana madini yake. Ikiwa MS-63 ni maelfu. Ikiwa MS-65 imevuka laki moja. Tofauti kati ya 63 na 65 ni mikwaruzo midogo shavuni ambayo mtu asiyezoea hataiona bila kuonyeshwa. Mimi naona hapo ndipo mnunuzi wa kawaida anapopaswa kujitoa. Anayelipia namba za juu analipia ushindani wa matajiri wanaotaka kuwa na mkusanyo ulio juu kuliko wa jirani, na ushindani huo ukipoa hakuna madini ya kumpokea.

Kuna jambo moja linalomaliza bei kwa dakika mbili: kusafisha. Kwetu fedha husuguliwa kwa majivu, limau au dawa ya meno, na kwa bangili za bibi hakuna tatizo. Sarafu ikisuguliwa hivyo hupoteza ngozi yake, na mpimaji huirudisha bila namba, imeandikwa tu kwamba imesafishwa. Weusi wa miaka mingi uache ulivyo. Vilevile epuka vifuko laini vya plastiki vyenye harufu kali. Huacha utelezi wa kijani juu ya fedha.

Wapimaji wakubwa ni wawili, PCGS iliyoanza kazi mwaka 1986 na NGC iliyofuata mwaka 1987. Wanaitazama sarafu, wanaipa namba, wanaifunga katika kasha gumu lenye nambari ya kumbukumbu. Huduma hiyo ina gharama: ada ya kupima, uanachama, posta ya kwenda na kurudi, bima. Kwa mtu mwenye sarafu chache, kila moja hufikia kwa urahisi dola 50 na kuendelea. Kuipeleka dola ya kawaida ya thamani ya 60 ni kutupa pesa. Kuinunua dola ya 1893 ya San Francisco bila kasha ni kutupa pesa nyingi zaidi. Mstari wangu ni huu: chini ya dola 150 nunua kwa macho yako na mizani, juu ya 300 usinunue isiyo na kasha la mmoja wa wale wawili, katikati, tegemea unavyomfahamu muuzaji. Na kasha lenyewe huigwa, kwa hiyo iandike nambari yake kwenye tovuti ya mpimaji, uone kama picha iliyopo ni ya sarafu hiyohiyo, mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Sarafu bandia zinahitaji neno zaidi, kwa sababu zimejaa. Mizani ya jikoni inayosoma sehemu za gramu na kipimo cha upana vitakutoa katika hatari nyingi: gramu 26.73, upana milimita 38.1, na sumaku isiivute. Dola ya biashara, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1873 kwa ajili ya soko la China, ni nzito kidogo, gramu 27.22, na pengine ndiyo inayoigwa kuliko zote. Ukiiona kwenye meza ya vitu vya kale kwa bei ya kuchekesha, cheka uondoke. Hatari ngumu zaidi ni sarafu halisi iliyobandikwa herufi. Mtu huchukua dola ya 1893 ya Philadelphia, ambayo haina herufi yoyote, akaigandishia S. Mizani haitasema kitu. Lakini San Francisco mwaka ule ilitumia muhuri mmoja tu kwa upande wa uso, na muhuri huo uliacha kistari kidogo kilichoinuka, kimelala mshazari, juu ya herufi T ya neno LIBERTY. Kisipoonekana kwenye sarafu ambayo T yake bado iko wazi, hiyo siyo.

Sasa bei unaipata wapi? Ziko tatu, na wauzaji hupenda kukuonyesha moja. Ya kwanza ni ya kitabu chenye jalada jekundu alichokianzisha R. S. Yeoman, kinachotoka kila mwaka tangu 1946. Hiyo ni bei ya rejareja, na mara nyingi iko juu. Ya pili ni ya jarida la wafanyabiashara, Greysheet, inayoonyesha wao kwa wao wanauziana kwa kiasi gani. Ya tatu ndiyo ninayoiamini: bei zilizolipwa mnadani. Kampuni ya Heritage huweka kumbukumbu za minada yake wazi kwa yeyote anayejiandikisha bila malipo, pamoja na picha. Tafuta mwaka, herufi ya kiwanda na namba ya daraja, soma mauzo matano ya karibuni, tupa la juu na la chini.

Ukisoma hizo bei, kumbuka zina kamisheni ya mnunuzi ndani yake. Nyumba kubwa za minada zimekuwa zikiongeza asilimia 20 hivi juu ya dau lako. GreatCollections, iliyoiuza ile ya 1893, ilitoza 12.5, ndiyo maana dau la 1,855,000 likasomeka 2,086,875. Kwa mtu wa kawaida hesabu huenda kinyumenyume. Ukiwa na dola 1,000 na kamisheni ni asilimia 20, dau lako la mwisho ni 833, kabla ya posta, na katika majimbo mengine kabla ya kodi ya mauzo. Wanaosahau hilo hushinda mnada halafu wakashindwa kulala.

Hapa nitoke njiani kidogo, kwa sababu bei moja maarufu yenye kamisheni hiyo ndani yake inatuhusu. Mwezi Agosti 2021 kampuni ya Stack's Bowers iliuza dola iliyoandikwa mwaka 1804 kwa dau la milioni 6.4, na kwa kamisheni ikawa milioni 7.68. Haikutengenezwa mwaka 1804. Ilitengenezwa miaka thelathini baadaye, serikali ya Marekani ilipotaka seti za sarafu za kuwazawadia watawala wa mbali, na zinazojulikana za aina zote hazifiki ishirini. Mjumbe alikuwa Edmund Roberts, mfanyabiashara aliyekuwa Unguja mwaka 1828 akalalamikia masharti ya biashara mbele ya Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1833 alitia naye mkataba wa urafiki na biashara huko Maskati, na mwaka 1835 akarudi na zawadi. Wanahistoria wa sarafu huihusisha dola hiyo ya milioni 7.68 na seti aliyopewa Sayyid Said, bwana wa Maskati na Unguja, aliyekuwa amezoea zaidi kupokea reale za Maria Theresa kuliko dola za Wamarekani.

Turudi kwenye mifuko yetu. Chukua dola 500. Kwanza unaweza kununua rundo la dola za Morgan zilizolika, za miaka ya kawaida, karibu na bei ya fedha. Faida yake ni kwamba utaziuza siku yoyote, kwa sonara au duka lolote la sarafu, na hasara ya kuuza ni ndogo. Lakini huo ni uwekaji wa madini, na yale mabunda yanayotangazwa kuwa "hayajachambuliwa" ni kama robota la mitumba lililokwisha funguliwa na kufungwa tena. Pili, unaweza kununua mbili za San Francisco za 1880 au 1881 katika kasha, MS-64 au 65. Ni nzuri kuliko zote kwa macho, kwani kiwanda kile kilipiga chapa kwa nguvu na usafi miaka hiyo. Hata hivyo zipo nyingi mno, na nyingi zaidi hupimwa kila mwaka, hivyo sioni kitakachoipandisha bei yake isipokuwa fedha yenyewe.

Tatu ni moja ya Carson City: ya 1878 iliyotumika kiasi, au ya 1883 au 1884 isiyotumika. Herufi CC ina wapenzi hata nje ya duru la wakusanyaji, na kiwanda hicho kilichoacha kutengeneza sarafu mwaka 1893 sasa ni makumbusho ya jimbo la Nevada, hivyo hadithi yake haichoki kusimuliwa. Hii ndiyo rahisi kuuza kwa mtu asiye mtaalamu. Nne, na hapa ndipo pesa zangu zingekwenda, ni nusu dola mbili au tatu za mtindo wa John Reich, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1807 na 1836. Zilitumika kama akiba ya mabenki, zikihamishwa kutoka benki hadi benki katika magunia, ndiyo maana nyingi zimebaki na sura nzuri. Pembeni zimeandikwa thamani yake kwa maneno. Iliyotumika kwa wastani ilikuwa ikipatikana kwa dola mia moja na ushee, yaani sarafu yenye takriban miaka mia mbili kwa nusu ya bei ya Morgan ya 1881 iliyo safi. Kuna wanaozifuatilia kwa mihuri yake, mamia ya aina, na mwenye subira huokota aina adimu iliyouzwa kwa bei ya kawaida kwa sababu muuzaji hakutazama. Kwenye Morgan nafasi hiyo imekwisha. Kila mtu ametazama.

Kuuza ndiko kunakoonyesha ulinunua nini. Duka lenye haki litakupa asilimia 75 hadi 80 ya bei ambayo lenyewe litauzia. Maana yake uliyoinunua kwa 1,000 lazima ipande kwa robo au theluthi ndipo urudishe pesa yako. Mnadani muuzaji naye hukatwa, ingawa kwa sarafu za bei kubwa nyumba za minada hupunguza au kuacha kabisa sehemu yake. Omba, usisubiri wakuambie. Kwa anayeishi Marekani, sarafu huhesabiwa kuwa vitu vya kukusanya, na faida ya kilichokaa zaidi ya mwaka mmoja hutozwa kodi ya shirikisho hadi asilimia 28, juu kuliko ya hisa. Hutozwa kwenye faida tu, kwa hiyo asiye na risiti ya kununulia hana cha kumwonyesha mtoza kodi. Mrithi yeye huanza kuhesabiwa kutoka bei ya siku mwenye mali alipofariki, si ile ya siku ya kununua. Atafute tathmini ya maandishi mwezi huohuo, kabla sarafu hazijagawanywa.